Kutoka Accademia hadi Uffizi kwa miguu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Firenze, mji wa Italia ambao wengi wanaufahamu kwa jina la Florence, una makumbusho mawili ambayo karibu kila mgeni huyapangia siku moja. Uffizi iko kando ya mto Arno na inahifadhi picha za Botticelli, Leonardo na Caravaggio. Galleria dell'Accademia iko upande wa kaskazini, nyuma ya kanisa kuu, nako ndiko iliko sanamu ya Daudi iliyochongwa na Michelangelo. Kati yake ni kama kilomita 1.2. Mwendo huo haumshindi mtoto wala mzee mwenye afya. Kinachowaponza watu ni habari walizosikia kabla hawajafika.

"Daudi yuko pale uwanjani, Accademia ya nini?"

Aliyesimama mlangoni mwa Palazzo Vecchio, jumba la serikali ya mji katika uwanja wa Piazza della Signoria, ni nakala iliyowekwa mwaka 1910. Daudi mwenyewe ana kimo cha mita 5.17, wa marumaru, na Michelangelo alimchonga kati ya 1501 na 1504. Alipokamilika alivutwa kutoka karakana ya kanisa kuu hadi uwanjani kwa siku 4, kazi ya wanaume zaidi ya 40. Akakaa hapo akinyeshewa na kupigwa jua hadi 1873, alipopandishwa kwenye kigari cha reli na kupelekwa Accademia. Ukumbi wake ulikuwa bado haujajengwa, kwa hiyo alisubiri ndani ya boksi la mbao mpaka 1882. Yupo pia Daudi wa tatu, wa shaba, kilimani Piazzale Michelangelo. Huyo pia ni nakala.

Hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa: mtu akishaambiwa kuwa Daudi wa nje ni nakala, hudhani kila sanamu ya nje ni nakala na kupita bila kutazama. Si kweli, na ni hasara kubwa. Chini ya matao ya Loggia dei Lanzi, ubavuni mwa uwanja huohuo, sanamu ya shaba ya Perseus, shujaa wa hadithi za Wagiriki, iliyofanywa na Cellini na kuzinduliwa mwaka 1554 ni yenyewe hasa. Marumaru ya Giambologna ya watu watatu waliojipinda kama moto, ya mwaka 1583, nayo ni yenyewe. Kielelezo chake kikubwa, ambacho Giambologna alikitengeneza kabla ya kugusa marumaru, ndicho kinachokupokea kwenye ukumbi wa kwanza wa Accademia. Anayeanzia Accademia huona wazo kwanza, kisha baada ya robo saa ya kutembea huliona limekuwa jiwe.

Njiani, kwenye Via dei Calzaiuoli, kuna Orsanmichele, jengo lililokuwa soko la nafaka kabla ya kuwa kanisa. Sanamu zilizo kwenye vishubaka vya nje ni nakala, na za asili zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya ghorofa za juu. Milango ya dhahabu ya Ghiberti kwenye Baptisteri, jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu, nayo ni nakala tangu 1990. Ya asili imo katika Museo dell'Opera del Duomo, mgongoni mwa kanisa kuu.

"Kuna njia ya siri ya juu inayounganisha makumbusho haya"

Njia ya juu ipo, ila haielekei Accademia. Ni Ushoroba wa Vasari, uliojengwa 1565 kwa muda wa miezi mitano tu ili watawala wa ukoo wa Medici wapite bila kuchanganyika na watu. Unatoka Palazzo Vecchio, unapitia Uffizi, unavuka Arno juu ya maduka ya daraja la Ponte Vecchio na kuishia kwenye jumba la Palazzo Pitti. Ulifungwa 2016 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Wageni huingilia upande wa Uffizi na kutokea upande wa pili, na nafasi huwekwa mapema. Ukienda Accademia utapita barabarani kama kila mtu.

"Nitachukua teksi"

Katikati ya Firenze magari yamewekewa mipaka, na kamera husoma namba za usajili. Wageni wenye magari ya kukodi hupokea faini wakiwa wamesharudi kwao. Sehemu kubwa ya njia tunayoizungumzia ni ya waenda kwa miguu tu, kwa hiyo teksi itakuzungusha na kukushusha ukiwa bado una hatua za kutembea. Tangu Januari 2025 tramu ya T2 inafika Piazza San Marco, jirani kabisa na Accademia. Inamfaa anayetoka uwanja wa ndege au stesheni, lakini haifiki Uffizi.

Njia ni hii. Ukitoka Accademia, geuka kushoto na ufuate Via Ricasoli moja kwa moja; kuba la kanisa kuu litajitokeza mbele yako. Zunguka kanisa kwa upande wa mnara wa kengele, ingia Via dei Calzaiuoli, teremka nayo hadi Piazza della Signoria, vuka uwanja ukiiacha Palazzo Vecchio kushoto, na utakuwa kwenye ua mrefu wa Uffizi. Mawe ya barabara huteleza sana mvua ikinyesha. Viatu vya visigino havifai siku hiyo.

"Ni dakika 15, kwa hiyo nitaachanisha tiketi kwa nusu saa"

Hapa ndipo siku nyingi zinapoharibika. Dakika 15 ni za kutembea tu. Hazihesabu kutoka ndani ya jengo, kusukumana na umati wa Via dei Calzaiuoli (saa sita mchana wa Julai hesabu 25), foleni ya ukaguzi wa mabegi, wala kuchukua tiketi. Uffizi, aliyeweka nafasi kwenye mtandao huchukua tiketi yake Mlango 3, kisha huvuka ua kwenda kuingilia Mlango 1 upande wa pili. Mlango 2 ni wa wasio na nafasi. Wapo wanaopanga foleni Mlango 2 nusu saa nzima wakiwa na tiketi yao kwenye simu. Baada ya ukaguzi kuna ngazi nyingi, kwa kuwa ziara huanzia ghorofa ya juu kabisa. Asiyeziweza aombe lifti.

Acha angalau saa moja na nusu kati ya kumaliza moja na kuanza nyingine. Kwa maoni yetu, anza na Accademia asubuhi, kwa sababu hizi: ni ndogo, saa moja hadi moja na nusu inatosha, hivyo unajua utatoka saa ngapi. Uffizi hula saa tatu bila huruma, na ukishatoka huwezi kurudi ndani kwa tiketi ileile. Ukianza nayo, ama utamkimbia Botticelli ama utamkosa Daudi.

Mizigo nayo ina lake. Uffizi kuna mahali pa kuacha mabegi. Accademia hakuna. Begi kubwa la mgongoni au sanduku havipiti, na chupa ya maji isizidi nusu lita. Mwenye mizigo aiache stesheni ya Santa Maria Novella au hotelini. Maji yasikutie wasiwasi: Piazza della Signoria, karibu na chemchemi ya Neptune, kuna bomba la umma la kujaza chupa bure.

Na saa. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane. 08:15 ni saa mbili na robo asubuhi, na 14:00 ni saa nane mchana. Sisi tuliozoea kuhesabu kuanzia alfajiri tuiandike upya kwa hesabu yetu mara tu tunapoipata, maana aliyechelewa nafasi yake anaweza kuikosa.

"Nina anwani, sitapotea"

Firenze ina mifumo miwili ya namba za nyumba katika barabara ileile. Nyekundu, ambazo kwa maandishi huongezewa herufi r, ni za maduka na biashara. Za bluu au nyeusi ni za makazi na majengo mengine. Namba 58 na 58r zinaweza kuwa mbali kabisa, kila moja na mpangilio wake. Accademia iko Via Ricasoli 58-60, bila r. Jirani yake, kuelekea kona ya Piazza San Marco, kuna chuo cha sanaa chenye jina hilohilo la Accademia, na humo hakuna Daudi. Kosa baya zaidi hufanyika wakati wa kununua: Venice nayo ina makumbusho yanayoitwa Gallerie dell'Accademia. Soma jina la mji kabla ya kulipa.

"Jumapili ya bure ndiyo nafuu"

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya serikali hayatozi kiingilio, yote mawili yakiwemo. Foleni yake, hata hivyo, inaweza kumeza asubuhi nzima kwenye moja tu. Kuyamaliza mawili siku hiyo ni kujitesa. Jumatatu yote mawili hufungwa.

Wazazi wengi hudhani bure ni kwa watoto wa Ulaya peke yao. Chini ya miaka 18 ni bure kwa mtoto wa taifa lolote, ila awe na pasipoti mkononi. Kijana wa miaka 18 hadi 25 aliye raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, wakiwemo watoto wa Waswahili waliochukua uraia huko, hulipa euro 2. Kibali cha kuishi pekee si uraia.

"Njiani nitapanda kuba mara moja"

Kuba la kanisa kuu, kazi ya Brunelleschi, lina ngazi 463, hakuna lifti, na lina tiketi yake yenye saa maalumu. Tiketi ya Uffizi au Accademia haikuingizi. Mnara wa kengele una ngazi 414. Lipangie siku nyingine.

Ukiwa na dakika tano za ziada, zunguka mgongoni mwa kanisa kuu badala ya kupita mbele. Chini, kati ya mawe ya uwanja, kuna duara la marumaru nyeupe lisilo na maandishi. Linaonyesha palipoangukia, siku radi ilipoling'oa, tufe la shaba lililopakwa dhahabu ambalo Verrocchio aliliweka kileleni mwa kuba mwaka 1471. Simama juu yake, inua kichwa, na utaona limeanguka kutoka wapi.