Mlango wa Tundu la Sindano haupo: tunayosimuliwa kuhusu Yerusalemu

Kama umekaa kanisani miaka michache huku kwetu, hii umeisikia. Yesu alisema ni rahisi zaidi ngamia kupita tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu, na tunaambiwa Yerusalemu ya zamani ilikuwa na mlango mdogo ukutani ulioitwa Tundu la Sindano. Lango kubwa likishafungwa jioni, mfanyabiashara aliyechelewa alimshusha ngamia mizigo yote, akampigisha magoti, akamsukuma apite hapo. Kwa hiyo, mhubiri anamalizia, tajiri naye ataingia mbinguni akikubali kutua mizigo na kupiga magoti. Amina inasikika mpaka nje.

Mlango huo haujawahi kupatikana. Hakuna mwandishi wa zama za Yesu anayeutaja, hata Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliyeueleza mji ule ukuta kwa ukuta na mnara kwa mnara. Simulizi hii inaanza kuonekana kwenye maandishi ya Wakristo karne nyingi baada ya Injili. Vimlango vilivyotobolewa ndani ya milango mikubwa vipo kweli, na waongoza watalii huvionyesha kwa furaha, lakini malango yenyewe ni ya juzijuzi, kama tutakavyoona. Na hata bila kuchimba ardhi, Injili yenyewe inaukana mlango huo: wanafunzi waliposikia habari ya ngamia walishangaa mno, wakauliza ni nani basi atakayeokoka, wakajibiwa kuwa kwa binadamu jambo hilo haliwezekani. Kama ilikuwa kazi ya kushusha magunia tu, mshangao wa nini? Wayahudi wa Babeli nao walikuwa na usemi wa namna hiyohiyo, ila wao kwenye tundu la sindano walimpitisha tembo. Ni kutia chumvi kwa makusudi. Nashuku mlango ule unapendwa kwa sababu unampunguzia tajiri makali, na matajiri ndio wanaochangia mabati.

Simulizi ndugu yake ni ile ya kamba. Tunaambiwa kuhani mkuu alipoingia Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha Hekalu, Siku ya Upatanisho, alifungwa kamba mguuni, ili akifia humo avutwe nje. Torati haina kamba hiyo. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi wa Kiyahudi, ambayo imeeleza siku ile hatua kwa hatua, mavazi, kuoga na damu, haina kamba. Inachosema ni kwamba kuhani alifupisha sala yake ili watu waliosubiri nje wasiingiwe na hofu. Kamba inajitokeza kwenye Zohari, kitabu cha mafumbo kilichoanza kusambaa Hispania mwishoni mwa karne ya 13, wakati Hekalu lilikuwa limeteketea zaidi ya miaka 1,200 kabla yake.

"Kuta hizi ndizo Yesu alizoziona"

Hapana. Kuta zinazozunguka Mji Mkongwe wa Yerusalemu leo zilijengwa kwa amri ya Sultani Suleiman wa dola ya Kiosmani na kukamilika mwaka 1541. Wareno walikuwa tayari wamepita Kilwa na Mombasa. Mji aliouona Yesu ulibomolewa na majeshi ya Kirumi ya jemadari Tito mwaka 70, na baada yake Kaisari Hadrian akajenga juu ya magofu mji wa Kirumi ulioitwa Aelia Capitolina. Ukisimama Lango la Damasko na kuangalia chini, pembeni, utaona tao la lango la Hadrian limezama mita kadhaa chini ya njia ya sasa. Ndivyo mji ulivyokaa, tabaka juu ya tabaka. Na ni mdogo kuliko tunavyoufikiria: eneo lililo ndani ya kuta halifiki kilomita moja ya mraba, karibu sawa na Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Kilichobaki kweli kutoka zama za Yesu ni mawe ya chini ya Ukuta wa Magharibi, ule wa kuombolezea. Nao una dhana yake: watu husema ni ukuta wa Hekalu la Mfalme Suleimani wa Biblia. Si wa Suleimani, na si wa Hekalu. Ni ukuta wa kushikilia kifusi cha uwanja mkubwa ambao Herode aliutanua ili Hekalu likae juu yake, kazi iliyoanza yapata mwaka 20 KK. Urefu wake unakaribia mita 490. Ule uwanja wa sala tunaouona kwenye picha ni kama mita 60 tu. Sehemu kubwa imefichwa na nyumba au iko chini ya ardhi. Mwaka 2011 waakiolojia walitangaza kuwa wamepata chini ya mawe ya ukuta huo sarafu za Valerius Gratus, liwali wa Kirumi aliyemtangulia Pilato, zilizopigwa mwaka 17 au 18 BK. Herode alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Maana yake sehemu ile haikuwa imejengwa bado, na Yesu, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu anayepanda kwenda sikukuu, huenda aliwakuta mafundi kazini.

"Njia ya Msalaba ni mtaa uleule alioupita"

Hapa mahujaji hukasirika kidogo. Via Dolorosa, mtaa wenye vituo, ni njia ya ibada iliyopangwa na kupanguliwa kwa karne nyingi, na mpangilio wa sasa ulitulia karne chache tu zilizopita. Katika vituo 14, vitano havimo kwenye Injili: kuanguka mara tatu, kukutana na mama, na Veronika kumpangusa uso. Wataalamu wengi wanaona Pilato alihukumu katika jumba la Herode upande wa magharibi, karibu na Lango la Yafa, wakati njia ya sasa inaanzia mashariki.

Chukua mfano wa sakafu ya mawe iliyo kwenye nyumba ya masista wa Sayuni, mwanzoni mwa njia hiyo. Imechorwa michezo ya askari, na kwa muda mrefu mahujaji waliambiwa hapo ndipo askari walipomkejeli Yesu. Lakini sakafu ile inafunika bwawa la maji liitwalo Struthion, na Josephus anaeleza kuwa katika vita vya mwaka 70 bwawa lile lilikuwa wazi, Warumi wakajenga boma lao la mashambulizi katikati yake. Sakafu basi iliwekwa baadaye, zama za Hadrian.

Hii haimaanishi watu waache kuipita njia hiyo. Wafransisko huongoza maandamano kila Ijumaa alasiri, na sala ni sala.

"Mlima wa Golgotha"

Kwaya zetu zimeupandisha sana mlima huu. Injili zote nne zinataja mahali, hakuna inayotaja mlima. Mwamba unaoheshimiwa kama Golgotha uko ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, na kimo chake ni kama mita 5. Unapanda ngazi nyembamba, unapiga magoti chini ya altare ya Waorthodoksi wa Kigiriki, unaingiza mkono kwenye tundu la duara na kuugusa. Kwingine unauona kupitia kioo.

Wengi wanauliza: kanisa liko katikati ya mji, na Yesu alisulubiwa nje ya lango, sasa inakuwaje? Jibu ni kwamba ukuta ulihama. Mfalme Herode Agripa ndiye aliyeanza kulizungushia eneo lile ukuta mpya, kati ya mwaka 41 na 44. Kabla ya hapo palikuwa nje, na ushahidi uko ndani ya kanisa lenyewe: kwenye kikanisa cha Wasiria, gizani, kuna makaburi ya Kiyahudi ya karne ya kwanza yaliyochongwa mwambani. Wayahudi hawakuzika ndani ya mji. Kaisari Konstantino alijenga hapo kanisa lililowekwa wakfu mwaka 335. Khalifa al-Hakim akalibomoa mwaka 1009. Lililopo leo kwa sehemu kubwa ni la Wapiganaji wa Msalaba.

Kaburi la Bustani, lile tulivu ambalo Waprotestanti wengi hulipenda, lilipata umaarufu baada ya Jenerali Gordon, Mwingereza aliyekuja kufia Khartoum, kukipendekeza kilima cha jirani kuwa ndicho Golgotha mwaka 1883, kwa kuwa kilimkumbusha fuvu, maana ya jina hilo. Kaburi lenyewe lilichongwa zama za wafalme wa Yuda. Lisingeweza kuitwa kaburi jipya siku za Pilato.

"Kuba ya dhahabu ndiyo Msikiti wa Al-Aqsa"

Picha hii imening'inia kwenye nyumba nyingi za pwani, na maelezo yaliyo chini yake mara nyingi yamekosewa. Ile ya dhahabu ni Kuba ya Mwamba, iliyojengwa na khalifa Abd al-Malik na kukamilika mwaka 691 au 692. Jengo la msikiti lina kuba ya kijivu, upande wa kusini. Ila usimkatalie haraka anayeita vyote Al-Aqsa, kwani Waislamu huuita uwanja mzima kwa jina hilo.

"Wakristo wa pale ni Wazungu"

Wakristo wenyeji hawafiki 2 katika kila watu 100 wa mji, na wengi wao ni Waarabu wanaosali kwa Kiarabu. Waarmenia wana mtaa wao kamili. Kanisa la Kaburi Takatifu linagawanywa na madhehebu sita, na ufunguo wa mlango unashikwa na familia mbili za Kiislamu: Joudeh wanautunza, Nuseibeh wanafungua na kufunga.

Waafrika nao si wageni wa juzi. Watawa wa Ethiopia wamekuwa mjini humo tangu Zama za Kati, na leo wanaishi katika vijumba vya udongo juu ya paa la kanisa hilo, mahali ambapo Wakopti, Wakristo wa Misri, wanadai ni pao. Julai 2002, siku ya jua kali, mtawa Mkopti aliyekuwa akilinda dai hilo alisogeza kiti chake kivulini. Waethiopia wakaona wamevamiwa. Mawe yakarushwa, na watu 11 wakaishia hospitalini.