"Mpange na wasichana wenzake": dhana potofu zinazoirudisha nyuma sataranji yetu

Jumamosi iliyopita, kabla sijatangaza raundi ya kwanza, baba mmoja alinivuta kando. "Mwalimu, huyu wangu mpange na wasichana wenzake, asije akavunjika moyo." Binti mwenyewe, wa miaka 11, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale na alisikia kila neno. Ninafundisha na kuamua mechi za sataranji hapa Kenya, na ombi hilo naletewa kila msimu na wazazi, na walimu wa michezo, hata na makocha wenzangu.

Ukiwabana, hoja huwa moja: wasichana hawana kichwa cha mchezo huu, tazama orodha ya walio bora duniani. Haya, tuitazame. Chukua watoto 170 wenye uwezo ule ule, wavulana 160 na wasichana 10. Wagawie vikaratasi vyenye namba 1 hadi 170 bila kuchagua. Namba 170, yaani ya juu kabisa, itamwangukia mvulana mara 16 kati ya 17, ilhali hakuna aliyemzidi mwenzake kwa lolote. Mwaka 2009 watafiti walichambua takwimu za wachezaji wa Ujerumani, ambako kwa kila mwanamke mmoja kulikuwa na wanaume 16. Waliona kwamba tofauti hiyo ya idadi peke yake inaeleza asilimia 96 ya pengo kati ya wanaume 100 bora na wanawake 100 bora. Wapo waliobishia njia yao ya kukokotoa, na wabishane. Mimi nataka tujibu swali linalotangulia: kwa nini wasichana ni wachache?

Majibu nayaona kila wiki, na ndiyo yanayoniudhi. Klabu huanza mazoezi saa kumi na moja jioni na kumaliza giza limeingia. Mvulana anarudi kwa miguu, msichana anakatazwa kuja. Nyumbani kaka anaachwa na ubao wake, dada anasubiriwa jikoni. Akiwa msichana pekee kati ya wavulana 20, kila anayefungwa naye anazomewa, "umepigwa na msichana!", na wiki inayofuata hakuna anayetaka kuketi mbele yake. Mtoto atavumilia hadi lini? Akiacha anapoingia kidato cha kwanza, sisi watu wazima tunasema hakuwa na kipaji.

Nawasihi makocha: msajili wasichana wawili au watatu kwa pamoja, kamwe msimwache mmoja peke yake. Hamishieni mazoezi Jumamosi mchana. Na mpange mechi kwa kiwango, kwa sababu anayekutana na walio dhaifu kuliko yeye kila siku hudumaa. Judit Polgár wa Hungaria alikuzwa kwa kupambana na wenye nguvu, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1991 alipata cheo cha Grandmasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, akiwa na miaka 15 na miezi 4, akaivunja rekodi ya Mmarekani Bobby Fischer ya kukipata akiwa mdogo kuliko wote, na baadaye akafika nafasi ya 8 duniani. Yule baba anataka binti yake afungiwe mlango huo akiwa na miaka 11.

Mengine nitayajibu kwa ufupi.

"Kundi la wazi la mashindano ni la wanaume." Si kweli. Ni la kila mtu. Kundi la wanawake ni nafasi ya ziada, na mwanamke anaweza kuchagua lolote. Mkiandika "wanaume" kwenye tangazo la mashindano ya wazi, mmekosea, futeni.

"Sataranji ni mchezo wa kizungu, wa shule za wenye pesa." Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, wao wakalipata kwa Waajemi, na asili yake ni India. Phiona Mutesi, mchezaji wa Uganda, alijifunzia mtaa wa Katwe, Kampala, katika programu ya kocha Robert Katende ambako watoto walipewa uji. Mtaani kwetu watu hucheza drafti kwa vizibo vya soda. Mtoto anayeweza hiyo, hii pia ataiweza.

"Asiyeona atachelewesha mashindano na itabidi ahurumiwe." Hakuna huruma katika kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia. Asiyeona akicheza na anayeona, yeyote kati yao anaweza kudai kila mmoja awe na ubao wake. Wa asiyeona una matundu ya kushikilia kete, miraba myeusi imeinuliwa, na kete nyeusi zina alama ya kupapasa. Kila hatua hutamkwa kwa sauti, na safu za wima za ubao zina majina yake: Anna, Bella, Cesar, hadi Hector. Anaruhusiwa kupapasa kete zote, lakini akiichomoa moja kwenye tundu, ameigusa na lazima aicheze, kama mwingine yeyote. Mwamuzi mwenzangu, ubao huo uwe mezani kabla ya raundi ya kwanza, na mpinzani wake awe ameshaelezwa namna ya kutamka hatua.