Je, wajua kwa nini harufu ya ua inaweza kumpa usingizi mgonjwa wa moyo?

Katika hospitali za Iran, Uturuki na Korea Kusini, watafiti wamekuwa wakijaribu jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kulipuuza. Mafuta ya lavenda, ua dogo la zambarau la nchi za Mediterania, hudondoshwa matone machache kwenye pamba au kitambaa, yakawekwa karibu na pua ya mgonjwa aliyelazwa kwa maradhi ya moyo. Baadaye anaulizwa amelalaje. Mwaka 2010 watafiti wa Isfahan, Iran, walichapisha matokeo ya wagonjwa 64 waliokuwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kwa sababu mioyo yao haikuwa ikipata damu ya kutosha. Kundi moja lilivuta harufu ya lavenda kwa usiku tatu, kila usiku kwa muda wa saa tisa. Kundi la pili halikupewa kitu. Walionusa walilala vizuri zaidi.

Harufu haizibui mshipa wala haiongezi nguvu ya moyo kusukuma damu. Basi inafanya nini?

Tuanze na mgonjwa mwenyewe. Aliyelazwa ICU ana nyaya kifuani, kitambaa cha presha mkononi kinachojibana kila baada ya muda, na mashine inayolia jirani yake. Taa haizimwi kabisa. Lakini hata ukizima taa na kunyamazisha mashine, linabaki jambo moja gumu: hofu. Mtu aliyebanwa na kifua akadhani ndiyo mwisho wake huogopa kufumba macho. Wengi hujiuliza kimoyomoyo kama wakilala wataamka. Na hofu hiyo haikai akilini tu. Mwili humwaga adrenalini, mapigo yakaenda mbio, mishipa ikajibana, na moyo uliokwisha kuumia ukalazimika kufanya kazi ya ziada usiku, saa ambazo ulipaswa kupumzika. Kwa kawaida mtu akilala presha yake hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Wale ambao presha yao haishuki usiku wamo katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Ndiyo maana mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliuingiza usingizi katika mambo manane ya msingi ya kulinda moyo, pamoja na chakula, mazoezi na kuacha tumbaku, kikapendekeza saa saba hadi tisa kwa mtu mzima.

Sasa njoo kwenye pua. Sauti, picha na mguso hupita kwanza katika kituo kilicho katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi kabla ya kusambazwa. Harufu ina njia yake ya mkato. Chembe zikigusa utando ulio juu kabisa ndani ya pua, neva ya kunusa hupeleka habari kwenye balbu ya harufu, na kutoka hapo moja kwa moja hadi amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu, na maeneo jirani ya kumbukumbu. Ndiyo sababu harufu ya nguo ya marehemu mama inaweza kukutoa machozi kabla hujatambua ni harufu ya nini.

Katika mafuta ya lavenda, kemikali mbili ndizo zenye wingi: linaloli na linalili asetati. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, waliwanusisha panya linaloli, na panya wakapungua woga bila kulegea miguu wala kupepesuka. Kisha wakawajaribu panya walioharibiwa uwezo wa kunusa: hawakutulia. Hilo ndilo linalonivutia zaidi katika habari hii nzima. Kama linaloli ingekuwa inafanya kazi kwa kupenya mapafuni na kuingia kwenye damu, panya wasionusa nao wangetulia. Wakaenda mbele zaidi, wakawapa panya wazima flumazenili, dawa inayozuia dawa za kutuliza wasiwasi za jamii ya Valium zisifanye kazi. Utulivu ukatoweka. Maana yake, harufu yenyewe, ikipita puani, ilikuwa ikigusa mfumo uleule wa ubongo ambao Valium huutumia. Panya si binadamu, lakini njia imeonekana.

Utafiti mmoja wa Korea Kusini, uliochapishwa mwaka 2013, unaelekea hukohuko. Wagonjwa 56 waliokwenda kuzibuliwa mishipa ya moyo waligawanywa makundi mawili sawa. Kundi moja lilinusishwa mchanganyiko wa lavenda, kamomili na maua ya mchungwa kabla na baada ya tiba hiyo. Wasiwasi wao ulipungua na usingizi ukawa mzuri kuliko wa wenzao. Kwangu mimi jibu liko hapo. Harufu inamtibu aliyelala kitandani na woga wake. Moyo unapata nafuu yake baadaye, kwa sababu mwenye moyo amelala.

Watu wa mwambao hawahitaji kuambiwa kwamba ua linafaa kitandani. Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, jioni asumini zinapoanza kufunguka, wanawake huzichuma wakafunga vikuba pamoja na mrehani, mkadi na langilangi, na kikuba hicho hulala na mwenyewe usiku kucha. Linaloli haimo kwenye lavenda peke yake. Imo ndani ya asumini, imo ndani ya mrehani, imo ndani ya langilangi, na mafuta ya mbegu za giligilani kwa sehemu kubwa ni linaloli tupu. Sisemi kwamba kikuba ni dawa ya moyo, maana kilifungwa kwa mapenzi na mapambo. Ninachosema ni kwamba mgonjwa wa Pemba hana haja ya kuagiza chupa ya bei kali kutoka Ufaransa ili apate harufu ya kumtuliza. Tena harufu aliyoizoea tangu utotoni ina faida juu ya faida, kwa kuwa amigdala na kumbukumbu ni majirani.

Ila hapa lazima niseme kwa nguvu: chetezo kikae mbali na chumba cha mgonjwa wa moyo. Udi na ubani vinanukia, sawa, lakini vinanukia kwa moto. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoshikamana na damu na kuinyima nafasi ya kubeba oksijeni. Moyo wenye mishipa iliyosinyaa ndio wa kwanza kuumia oksijeni ikipungua. Moshi nao una chembe ndogo sana zinazoingia hadi ndani ya mapafu na kuchokoza mishipa ya damu. Fukiza nguo sebuleni madirisha yakiwa wazi, kisha mpelekee mgonjwa nguo iliyonukia, moshi ukiwa umekwisha.

Jambo jingine ni kujua mgonjwa halali kwa sababu gani. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujaa mapafuni mtu akilala chali. Atataka mito mitatu, au atashtuka usiku anatweta na kukimbilia dirisha. Huyo anahitaji daktari upesi, na kumnusisha maua ni kumpotezea muda. Kuna anayeamka kila mara kwenda haja ndogo kwa sababu amemeza dawa ya kupunguza maji mwilini jioni. Kumbe daktari angeweza kumbadilishia saa ya kuimeza. Kuna anayekoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika, kisha akashtuka akitafuta hewa. Mwenzake wa kitandani ndiye shahidi, na tatizo hilo lina vipimo na tiba yake. Na dawa zenyewe za moyo zina sehemu yao: propranololi na ndugu zake hupunguza melatonini, homoni ya usingizi, na huweza kuleta ndoto za kutisha. Daktari aambiwe. Kuacha dawa hizo ghafla kwa uamuzi wako ni hatari kwa moyo.

Ushahidi wa harufu wenyewe bado ni mwembamba. Tafiti nyingi ni za wagonjwa wachache, usingizi hupimwa kwa kumuuliza mtu, na si rahisi kumficha mgonjwa kwamba ananusa lavenda. Anayeamini atalala huenda akalala kwa imani yake. Hata hivyo, kwa mtu anayenyimwa usingizi na hofu, tiba yake ya hospitali ikiendelea vilevile, naiona ni msaada wa kustahili kujaribiwa, kwa kuwa gharama ni ndogo na madhara ni haba ikitumiwa kwa kunusa.

Kunusa, narudia. Matone mawili kwenye kipande cha pamba kilichowekwa pembeni ya mto yanatosha, na mwenye pumu asijaribu bila kuuliza, kwa sababu harufu kali huweza kumbana kifua. Mafuta haya ni makali mno, hayanywewi na hayapakwi ngozini bila kuchanganywa na mafuta mengine. Mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na hapa kwetu ni wengi kwa sababu ya valvu za moyo zilizobadilishwa baada ya homa ya rumatiki, ajihadhari hasa na mafuta na dawa za kuchua zenye methili salisilati, zile zinazonukia kama Deep Heat. Hupenya ngozini, zikaongeza nguvu ya warfarini, na damu ikashindwa kuganda. Asome maandishi ya chupa, au aibebe aende nayo kliniki siku ya kupima damu.