Masomo Matatu ya Gredi ya 10: Anzia Kule Mtoto Anakotaka Kufika

Wazazi wa Gredi ya 9 hapa Nairobi wakinijia, swali huwa ni lile lile: "Mwalimu, huyu tumweke STEM ama sayansi za jamii?" Mtoto mwenyewe mara nyingi amesimama kando, anasikiliza watu wazima wakimgawa. Nami huwauliza: masomo gani matatu? Hapo mazungumzo hukwama, kwa sababu nyumbani wamebishania mkondo wiki nzima na hakuna aliyefika kwenye masomo.

Kazi yangu ni ushauri wa taaluma, na nilianza enzi ambazo kila mtu alijua KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na hakuna aliyeuliza kitu kingine. Siku hizi naona familia zikipigania jina la mkondo huku uamuzi wenye uzito ukiwapita. Mkondo ni kama michoro iliyopakwa ubavuni mwa matatu. Masomo ndiyo nambari ya ruti. Ukipanda kwa kupenda michoro, usimlaumu makanga ukishuka Githurai na ulikuwa unaenda Rongai.

Mfumo wenyewe mpya, uliochukua nafasi ya 8-4-4, si mgumu. Sekondari pevu ni Gredi ya 10 hadi ya 12. Kila mwanafunzi ana masomo ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Juu ya hayo anachagua matatu. Mikondo nayo ni mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Angalau masomo mawili kati ya yale matatu hutoka kwenye mkondo aliouchagua; la tatu linaweza kutoka kwingine. Serikali ilipanga kwamba takriban asilimia 60 ya wanafunzi wafuate STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo. Asilimia hizo zinamsaidia anayegawa walimu na maabara. Hazikuambii lolote kuhusu mtoto aliye sebuleni kwako.

Sasa linganisha na 8-4-4. Mtahiniwa wa KCSE hufanya masomo yasiyopungua saba, na wengi hufanya manane. Aliyeacha Fizikia mwishoni mwa kidato cha pili alibaki na Biolojia, Kemia, Jiografia na Biashara, na KUCCPS, wanaowapanga wanafunzi vyuoni, walipokuja kutazama masomo manne yanayohitajika kwa kozi fulani, palikuwa na namna ya kujipanga. Wingi wa masomo ulifunika makosa mengi. Kundi lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026, ambalo litamaliza 2028, halina kifuniko hicho. Masomo matatu ya kuchagua, basi. Moja likiwa limechaguliwa kwa sababu rafiki amelichagua, theluthi nzima ya mseto wake wa masomo imekwenda.

Ndiyo maana nasema muanzie mwisho. Mwambie mtoto ataje kozi mbili au tatu anazoziwazia, hata kama hana hakika. Akiwa na miaka kumi na minne hapaswi kuwa na hakika. Halafu tazameni vyuo vinadai nini leo kwa kozi hizo. Vigezo hivyo vimeandikwa kwa lugha ya KCSE, lakini mwili wa binadamu haujabadilika kwa sababu mtaala umebadilika. Daktari wa 2035 bado atahitaji Kemia.

Chukua udaktari na uuguzi, maana hizo ndizo kozi ninazoulizwa kuliko zote. Biolojia na Kemia hazina mjadala. Baada ya hapo, kundi la masomo la kozi hizo za shahada linataka Hisabati au Fizikia, kisha lugha. Soma tena hilo neno "au". Nimekutana na wasichana hodari wa Biolojia waliolazimishwa Fizikia kwa kuambiwa kwamba bila hiyo hakuna koti jeupe, wakaichukia, ikawavuta chini pamoja na mengine. Kwa mtoto kama huyo, ambaye Hisabati anaiweza, mseto wa Biolojia, Kemia na Kilimo, au Biolojia, Kemia na Sayansi ya Nyumbani, unamfikisha mlango ule ule. Sisemi Fizikia ni mbaya. Inafungua milango ambayo Kilimo hakifungui, na anayeiweza aichukue bila kusita. Nasema isichukuliwe kwa woga.

Uhandisi ni kinyume chake, na hapa ndipo jina la mkondo linapodanganya zaidi. Ndani ya STEM kuna matawi: sayansi halisi, sayansi tumizi, na masomo ya kiufundi kama ujenzi, umeme, ufundi wa metali, ufundi wa mbao, mitambo na usafiri wa anga. Mtoto anataka kuwa mhandisi wa barabara. Anaona somo la ujenzi. Analichagua, anaongeza Fizikia, na kwa la tatu anaweka Jiografia kwa sababu anaipenda. Kwenye karatasi mseto huo unapendeza. Lakini shahada ya uhandisi katika vyuo vyetu inadai Hisabati, Fizikia na Kemia, na Kemia hapo haipo. Mtoto amechagua somo linalofanana na ndoto yake, akaacha lile linaloibeba.

Je, mseto wa ujenzi, Fizikia na Jiografia ni mbovu? La hasha. Kwa anayelenga stashahada katika taasisi ya ufundi, au anayetaka kazi ya mikono yenye akili ndani yake, ni mseto mzuri sana. Nenda Kamukunji usikilize nyundo za jua kali kutwa nzima, utaona watu wanaopima na kukunja bati kwa hesabu za kichwani ambazo wanafunzi wangu wanazihitajia kikokotoo. Kinachonikera ni kwamba tawi hili linauzwa kwa wazazi kama njia ya mkato ya kufikia shahada ya uhandisi, ilhali ni njia kamili yenye mwisho wake.

Sheria sitaiongelea sana. Inadai daraja la juu katika Kiingereza au Kiswahili, B kwa vigezo vya sasa, na wastani wa C+ kwa jumla. Masomo yote mawili ya lugha tayari ni ya lazima. Kwa hiyo anayetaka uwakili anaweza kuchagua Historia, Fasihi, Kifaransa, hata Muziki, mradi afanye vizuri. Wazazi wanaomkaza mtoto kusoma Historia "kwa sababu wakili lazima aijue Historia" wanampa mzigo ambao hakuna chuo kilichouomba.

Sasa Hisabati, na hapa nitakaa kidogo.

Mpango wa awali uliliweka somo hili kuwa la hiari nje ya STEM. Wazazi na walimu walipiga kelele, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba litakuwa la lazima kwa wote, lakini kwa sura mbili. Wanafunzi wa STEM wanafanya ile ya kina, ambayo watoto wanaiita "Core" tu. Mikondo mingine miwili ikapangiwa nyepesi zaidi, ya hesabu za maisha na biashara za kila siku, ambayo jina lake rasmi ni "Essential". Wazazi wengi waliposikia neno "lazima" walipumua, wakaacha kusikiliza. Hisabati hizo mbili hazilingani kabisa.

Fikiria mtoto anayetaka kusomea uchumi, takwimu au hesabu za bima. Baba anasema: uchumi ni biashara, Somo la Biashara liko Sayansi za Jamii, twende huko. Anachagua Biashara, Jiografia na Historia, na kwa kufanya hivyo amepangiwa Hisabati nyepesi. Lakini uchumi wa chuo kikuu, kuanzia mwaka wa kwanza, ni kalkulasi na takwimu. Anayeketi kwenye darasa hilo bila msingi wa Hisabati ya kina atakuwa anajifunza lugha na kuongea kwayo kwa wakati mmoja. Mtoto huyu ashauriwe vipi? Mimi ningemtazama upande wa STEM: masomo mawili ya STEM anayoyaweza, kwa mfano Masomo ya Kompyuta na Kilimo, na la tatu liwe Biashara. Anapata Hisabati ya kina, Biashara haimpotei, na hakuna aliyemlazimisha kupasua chura. Lakini mseto huo uwe unatolewa kweli na shule mnayoitaka, na hilo si jambo la kukisia.

Na kuna upande wa pili, ambao wenzangu wa Hisabati hawapendi niuseme. Mtoto ambaye Hisabati imemshinda tangu Gredi ya 7, na ambaye ndoto zake zote ziko kwenye lugha, uandishi au jukwaa, ile nyepesi ni heshima kwake. Itamwachia saa za kufanya anachokiweza. Kumsukuma STEM ili majirani wasikie ni ukatili wa adabu nzuri.

Kuhusu Sanaa na Sayansi ya Michezo nitasema machache. Mkondo ni halali na kazi zipo, ila vifaa havilingani kutoka shule hadi shule, hasa jijini ambapo shule nyingi za kutwa zina uwanja mdogo kuliko maegesho ya duka kubwa. Kabla hujaandika Muziki na Densi au Michezo na Burudani, tembelea shule hiyo. Uliza mwalimu wa somo ni nani na amewahi kufundisha nini. Uliza wanafanyia mazoezi wapi. Ukijibiwa kwamba "mipango inaendelea", andika shule nyingine.

Ushauri huo unafaa hata kwa STEM. Kuna shule zinazotoa mikondo yote mitatu na zingine miwili, na hata ndani ya mkondo mmoja si kila mseto unapatikana. Shule inaweza kuwa na jina kubwa na isiwe na mwalimu wa ufundi wa umeme. Mimi huwaambia wazazi wasiulize "mna STEM?" Waulize: mseto huu hapa, Fizikia, Kemia na Masomo ya Kompyuta, una darasa mwaka huu?

Fomu ya kuchagua shule ilitaka majina 12, manne manne kwa kila mseto kati ya mitatu ambayo mwanafunzi alipendelea. Kati ya hizo 12, tisa zilikuwa za bweni na tatu za kutwa kutoka kaunti ndogo anayoishi. Nguvu zote za familia huishia kwenye zile za bweni, hasa zile kubwa za kundi la C1, ambazo zamani tuliziita za kitaifa. Tatu za kutwa hujazwa dakika ya mwisho na yeyote aliye karibu na kalamu. Huo ni uzembe wa gharama, kwa sababu wanafunzi wengi huishia hapo hapo, wengine kwa alama na wengine kwa karo. Mzazi wa Kayole anayejua atashindwa na karo ya bweni anapaswa kuzitembelea zile shule tatu za kaunti ndogo yake kwanza, kabla ya kupiga simu Kikuyu au Limuru. Hesabu pia nauli: magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila siku ya shule, kwa miaka mitatu.

Alama nazo zieleweke. Kwenye KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, kila somo lina viwango vinane, cha juu kikiwa na pointi 8, na masomo ni tisa, kwa hiyo jumla ni 72. Lakini mtihani huo unabeba asilimia 60 tu ya matokeo ya kumpanga mwanafunzi. Asilimia 20 ni KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, na 20 nyingine ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Maana yake ni kwamba mzazi anayeamka Septemba ya Gredi ya 9 na kutafuta mwalimu wa ziada wa jioni anapigania sehemu iliyobaki. Hiyo miradi ya shuleni mliyokuwa mkiwafanyia watoto usiku wa manane kwa katoni na gundi ilikuwa na alama ndani yake. Ingekuwa bora waifanye wenyewe, lakini hayo ni makala ya siku nyingine.

Tazameni pia matokeo yenyewe somo kwa somo kabla ya kutazama jumla. Pointi 58 zinaweza kuwa za mtoto aliye imara kwenye Hisabati na Sayansi Unganifu na dhaifu kwenye lugha, au za mtoto aliye kinyume chake kabisa. Jumla ni moja, watoto ni wawili, na mseto wa mmoja ungemzamisha mwingine.

Kama mtoto wako tayari yuko Gredi ya 10 na mnaona mseto haulingani na anakotaka kwenda, nendeni shuleni muhula wa kwanza, si wa tatu. Kila wiki inayopita darasa alilotaka kuhamia linasonga mbele na mada mpya, na mwalimu mkuu anazidi kuwa na sababu za kukataa. Nendeni na mtoto mwenyewe. Bebeni orodha ya masomo yanayodaiwa na kozi mnayoitaka, iliyochapishwa, muiweke mezani. Ombeni badiliko la somo moja badala ya mkondo mzima. Ni ombi rahisi zaidi kukubaliwa, na mara nyingi ndilo pekee linalohitajika.