Marekebisho ya katiba na haki ni vitu viwili

Kila mjadala wa katiba ukianza hapa Tanzania lazima atokee mtu aseme "wafanye tu marekebisho tupate haki zetu", kama vile marekebisho na haki ni kitu kimoja. Jamani siyo.

Marekebisho ya katiba ni Bunge kugusa maneno ya katiba iliyopo, kuongeza, kufuta au kubadilisha, kwa theluthi mbili ya wabunge wote (ibara ya 98), na kuna mambo ya Muungano yanayotaka theluthi mbili ya Bara na theluthi mbili ya Zanzibar. Basi, maana ndo hiyo. Kura ya maoni haimo, tofauti na Kenya ambako ukigusa sura ya haki lazima wananchi wapige kura.

Ni kweli marekebisho yameshatupa haki. Katiba ya 1977 ilianza bila sura ya haki za raia, hizi ibara za 12 mpaka 24 ziliingizwa na marekebisho ya tano mwaka 1984, na hata hapo tukasubirishwa mpaka Machi 1988 ndo mtu akaweza kwenda kuzidai mahakamani. 1992 yakaja ya nane, vyama vingi vikarudi.

Ila mbona hakuna anayetaja 1994? Mchungaji Christopher Mtikila alienda Mahakama Kuu Dodoma kupinga sharti la kwamba huwezi kugombea bila chama, na Oktoba mwaka huo Jaji Lugakingira akampa ushindi, mgombea binafsi ruksa. Mwaka ule ule Bunge likarekebisha katiba. Fungua ibara ya 21 uone yenyewe inavyoanza: "Bila ya kuathiri masharti ya ibara ya 39, ya 47 na ya 67". Sasa nenda kwenye ibara hizo, utakuta ndo zile zinazotaka mgombea awe mwanachama wa chama na chama kimsimamishe. Yaani haki yako ya kushiriki utawala haikufutwa hata neno moja, imetangulizwa sentensi tu na mgombea binafsi akaishia hapo, na hayo nayo yanaitwa marekebisho ya katiba! Mtikila hakuchoka, alifika mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha na Juni 2013 ikasema Tanzania imekiuka haki zake.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukisikia kuna muswada wa marekebisho uliza kwanza ni ibara gani inaguswa, na ukiona "bila ya kuathiri" fuata hizo namba zinakokupeleka. Na kama unachodai ni kile ambacho watu walitolea maoni kwenye Tume ya Jaji Warioba, hayo hatuyaiti marekebisho, ni katiba mpya, ndo maana iliundiwa Bunge Maalum na ikapangiwa kura ya maoni Aprili 2015, ambayo haijapigwa mpaka leo.