Kwa nini janga moja la virusi linaumiza jamii za rangi fulani kuliko nyingine

Kila likija janga kubwa kuna kauli inarudiwa sana, kwamba virusi havichagui. Ni kweli kama unaongelea kirusi chenyewe, hakijui mzungu ni nani wala mweusi ni nani. Ila ukienda kwenye hesabu za waliokufa unakutana na kitu kingine kabisa. Chicago, Marekani, Aprili 2020, watu weusi walikuwa kama asilimia 30 ya wakazi wa jiji lakini kwenye vifo vya mwanzo vya Covid walikuwa karibu asilimia 70. Mwezi uliofuata ofisi ya takwimu ya Uingereza ikatoa ripoti, kwamba uwezekano wa mwanaume mweusi wa England na Wales kufa kwa Covid ulikuwa mara 4.2 ya ule wa mwanaume mzungu wa umri kama wake. Mtu akiona namba za hivo akili inakimbilia damu, kwamba lazima kuna kitu kwenye miili yao. Hilo jibu la haraka ndo nataka tulikatae, kwa sababu ukishaamini tatizo liko kwenye damu ya mtu basi huna tena cha kurekebisha, unabaki kumuonea huruma tu.

Wataalamu wa afya ya jamii wanaita jambo hili tofauti za kiafya za kimbari, yani pengo la kuugua na kufa kati ya makundi ya watu ambalo chanzo chake ni namna makundi hayo yalivyowekwa kuishi, kufanya kazi na kutibiwa, na ambalo lingeweza kuzuilika. Rangi ya mtu hapa inafanya kazi kama anwani, haikwambii mwenye nyumba ana nini mwilini, inakwambia alipelekwa kukaa wapi.

Mfano unaonikaa kichwani kuliko yote ni wa Samoa mwaka 1918. Visiwa vile vilikuwa vimegawanywa pande mbili, magharibi chini ya New Zealand na mashariki chini ya Marekani, lakini watu ni wale wale, lugha moja, ukoo mmoja, wanaoana wao kwa wao. Novemba 7 meli ya Talune kutoka Auckland ikatia nanga Apia upande wa magharibi ikiwa na wagonjwa wa homa kali ya mafua ya mwaka ule, abiria wakaruhusiwa kushuka. Ndani ya wiki chache watu kama 8,500 walikuwa wamekufa, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wa upande ule. Upande wa mashariki gavana John Poyer alifunga bandari na kuweka karantini, na wenyeji wakasaidia kulinda fukwe ili mitumbwi isiingie. Huko hakufa hata mtu mmoja kwa mafua yale. Damu ile ile, kirusi kile kile, mwezi ule ule, tofauti ni uamuzi wa walioshika madaraka. Mwaka 2002 waziri mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba Wasamoa msamaha rasmi, na kati ya mambo aliyoyataja ni hilo la meli.

Sasa sitaki mtu aseme nimeruka suala la jeni, jeni zipo na zina kazi yake. Mwaka 2020 watafiti Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha kuna kipande cha vinasaba tulichorithi kwa Neandertali, binadamu wa kale, ambacho ukiwa nacho hatari ya kuzidiwa na Covid inapanda. Kinapatikana sana Asia ya Kusini, Bangladesh inakadiriwa asilimia 63 ya watu wanabeba angalau nakala moja, Ulaya kipo kwa kiasi, na Afrika karibu hakipo kabisa. Kwahiyo kwa Wabangladeshi wa Uingereza huenda kinaongeza kitu, lakini kama jeni hiyo ndo ingekuwa maelezo ya kila kitu basi watu weusi wa Chicago walitakiwa kuwa salama kuliko majirani zao wazungu. Ilitokea kinyume chake. Na ile ripoti ya Uingereza ukiisoma mpaka chini, walipoingiza kwenye hesabu mahali mtu anapoishi, hali ya maisha, msongamano wa nyumba na afya aliyokuwa nayo kabla, ile 4.2 ikashuka mpaka 1.9. Zaidi ya nusu ya pengo limeyeyuka kwa kuhesabu maisha tu, tena hapo bado hawajahesabu vizuri nani alikuwa anaendesha basi na nani alikuwa anafanya kazi sebuleni kwake.

Na kazi ni jambo kubwa sana humu, pengine kubwa kuliko linavyosemwa. Kabla ya janga takwimu za kazi za Marekani zilionyesha kama asilimia 30 ya wafanyakazi wazungu wanaweza kufanya kazi wakiwa nyumbani, kwa weusi hawafiki 20, kwa Walatino, yani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kama 16. Kwahiyo ile amri ya "kaa nyumbani" ilipotoka iliwakuta watu wakiwa kwenye mistari tofauti tayari. Chukua viwanda vya kuchakata nyama. Ndani kuna baridi, watu wanasimama bega kwa bega pembeni ya mkanda unaotembea, kila mmoja na kisu chake na kipande chake cha kukata, mashine zinapiga kelele kiasi kwamba ukitaka kumwambia mwenzako kitu lazima umsogelee usoni na upaze sauti, alafu mchana wote mnakula chumba kimoja na jioni wengine mnarudi kwenye gari moja. Kirusi cha njia ya hewa kingetaka mazingira gani zaidi ya hayo? Kwenye ripoti ya Julai 2020 ya CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kati ya wagonjwa wa viwanda hivyo ambao rangi au asili yao ilirekodiwa, asilimia 87 walikuwa wa jamii za wachache, wengi wao Walatino. Na Aprili 28 ya mwaka huo rais Donald Trump alikuwa ameshasaini amri ya viwanda hivyo viendelee kufanya kazi. Sheria ya muda ya likizo ya ugonjwa yenye malipo iliyopitishwa Machi nayo iliyaacha nje makampuni yenye wafanyakazi 500 na kuendelea, na wachakataji wakubwa wa nyama ndo humo humo. Mtu anaamka ana homa, akikaa nyumbani hana uhakika wa mshahara, atafanya nini?

Makazi nayo yana historia. Miaka ya 1930 wakala mmoja wa serikali kuu ya Marekani alichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyoonekana hatari kukopesha, na mitaa ya watu weusi ikawa nyekundu karibu yote. Mkopo wa nyumba ukawa mgumu, thamani ya nyumba ikabaki chini, na kwa kuwa shule zinategemea sana kodi za nyumba, shule nazo zikabaki nyuma, barabara kubwa na viwanda vikapitishwa huko huko. Sheria ya 1968 ilipiga marufuku ubaguzi wa makazi lakini mtu aliyekuwa amenyimwa nyumba miaka 30 hakurudishiwa kitu. Ndo maana unakuta hadi leo pumu na hewa chafu zimelala kwenye mitaa ile ile. Halafu nyumba moja ina bibi, wazazi na watoto, kijana anayefanya kazi ghalani akirudi na kirusi hakuna chumba cha pembeni cha kumtenga.

Kwa Wanavajo, moja ya jamii za Wenyeji wa asili wa Marekani, ni maji. Eneo lao linaingia majimbo matatu, Arizona, New Mexico na Utah, ni kubwa sana, na karibu nyumba 3 katika kila 10 hazina maji ya bomba. Wakati dunia nzima inaambiwa nawa mikono kwa sekunde 20, kuna familia zinaendesha gari mwendo mrefu kwenda kujaza mapipa na kuyapanga maji hayo yatoshe kupika, kunywa, mifugo na kuoga. Mei 2020 kiwango cha maambukizi kwa idadi ya watu kilikuwa kimepita hata cha jimbo la New York. Na usidhani hilo la maji limesahaulika kwa bahati mbaya, limefika mahakama ya juu kabisa ya Marekani na mwaka 2023 majaji 5 kwa 4 waliamua kwamba mkataba wa 1868 kati yao na serikali ya Marekani hauilazimishi serikali hiyo kuchukua hatua za kuwahakikishia Wanavajo maji. Mimi hilo naliona ni zito sana.

Hayo yote ni upande wa kuambukizwa. Ukishaambukizwa linakuja swali la mwili wako umefika ukiwa katika hali gani, na hapa watu wanapenda kusema "lakini wana presha na kisukari zaidi" kana kwamba hapo maelezo yameisha. Presha na kisukari zimetoka wapi? Tangu mwaka 1992 mtafiti Arline Geronimus amekuwa akieleza kwamba mwili wa mtu anayeishi chini ya ubaguzi na shida za kudumu unachakaa mapema, homoni za msongo zinakaa juu muda mrefu, moyo na mishipa vinachoka, mpaka mtu wa miaka 45 anakuwa na afya ya mtu mwenye umri mkubwa kuliko wake. Kirusi kikija kinaukuta mwili umeshafanyiwa kazi miaka mingi.

Alafu hospitali. Marekani bima ya afya kwa wengi inafuata ajira, ukipoteza kazi katikati ya janga unaweza kupoteza na bima, basi mtu anasubiri nyumbani mpaka apumue kwa shida ndo aende. Hata akifika kuna mambo ambayo huwezi kuyaona kwa macho. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kinapitisha mwanga kwenye ngozi na kukadiria oksijeni iliyo kwenye damu, na ngozi nyeusi inanyonya sehemu ya mwanga huo, kwahiyo kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha kibanio na kipimo cha damu yenyewe, wakaangalia wale ambao kibanio kilisoma kati ya asilimia 92 na 96, yani wanaonekana wako salama, kumbe oksijeni halisi iko chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa weusi kosa hilo lilitokea kwenye karibu vipimo 12 katika kila 100, kwa wazungu karibu 4. Sasa fikiria huyo mtu, kifua kinambana, anasema sipumui vizuri, daktari anatazama kidude kinasoma 93, anamwambia uko vizuri rudi nyumbani upumzike. Huyo daktari wala hana chuki na mtu. Kifaa tu kinasoma vibaya ngozi za namna yake.

Kuna na suala la kuziamini hospitali na serikali, hili huwa linaelezwa vibaya, utasikia "watu weusi wanaogopa chanjo" kama ni ujinga. Kuanzia 1932 mpaka 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wa Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao na bila kuwapa penisilini hata ilipokuwa ndo tiba ya kawaida tangu miaka ya 1940. Wengine wameisikia habari hiyo kwa babu zao, wana haki ya kuuliza maswali. Na inaonekana imani inaweza kujengwa, kwa sababu Wenyeji wa asili wa Marekani, walewale walioumizwa sana mwanzoni, chanjo ilipokuja walichanja kwa viwango vya juu kuliko karibu kila kundi lingine nchini, jamii zenyewe zikiwa na sauti kwenye mpango na watu wakiongeleshwa kwa lugha yao na watu wao.

Kitu kingine cha kuwa nacho makini ukisoma takwimu hizi ni umri. Covid iliua zaidi wazee, na Walatino wa Marekani kwa wastani ni vijana kuliko wazungu, kwahiyo ukichukua hesabu ghafi ya vifo wanaonekana hawakuumia sana. Ukilinganisha watu wa umri sawa ndo pengo linajitokeza wazi, ukikusanya miaka ya mwanzo ya janga Walatino, weusi na Wenyeji wa asili walikufa karibu mara mbili ya wazungu. Ripoti isiyosema kama umri umezingatiwa usiitegemee sana, iwe inakufurahisha au inakuudhi.

Na pengo lenyewe halikukaa sehemu moja. Baada ya chanjo kuenea kuna vipindi, hata umri ukizingatiwa, ambapo wazungu wa Marekani walikuwa wanakufa kwa Covid kwa kiwango cha juu kuliko weusi, huku maeneo mengi ya wazungu wa vijijini watu wengi wakiwa wamekataa chanjo. Jeni za nchi nzima haziwezi kubadilika ndani ya miezi 18. Kilichobadilika ni nani amepata kinga na nani hana.

Ila penye kinga isiyogawanywa sawa pengo linabaki pale pale, na HIV inaonyesha hilo vizuri. Watu weusi ni kama asilimia 12 ya Wamarekani lakini wanabeba karibu asilimia 40 ya maambukizi mapya ya HIV. Dawa ya kujikinga, PrEP, iliidhinishwa huko tangu 2012. Kwa makadirio ya CDC ya mwaka 2022, kati ya wazungu ambao dawa hiyo ingewafaa asilimia 94 waliandikiwa, kwa Walatino 24, kwa weusi 13.