Kwa nini dawa ya kutuliza na dawa ya kuwasha zote huotesha nywele?

Msusi wa Kenyatta Market, Nairobi, anapofumua nywele za mteja na kukuta baka tupu lenye upana wa sarafu, aghalabu husema ni mashilingi. Lakini mashilingi huletwa na kuvu, nayo huacha magamba na vijinywele vilivyokatika. Baka laini kama kiganja, lisilouma, huenda likawa alopesia areata, maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele.

Mashina hayo hayafi. Chembe nyeupe za damu huyazingira hadi yakaangusha nywele na kulala, na ndiyo maana dawa zenye tabia zinazopingana zaweza kuyaamsha.

Steroidi, ndiyo dawa ya kutuliza, huzipoza chembe hizo, mradi iwe kali ya kutosha. Katika jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2014, lililohusu watoto 41, eneo lililonyonyoka lilipungua angalau kwa nusu baada ya wiki 24 kwa watoto 17 kati ya 20 waliopakwa klobetasoli, steroidi kali, ila kwa 7 tu kati ya 21 waliopakwa haidrokotizoni, steroidi hafifu. Hata hivyo, klobetasoli ndiyo hiyo hiyo inayofichwa katika baadhi ya krimu za kujichubua, na ikipakwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Kwa mtu mzima mwenye mabaka machache, madaktari wengi hupendelea kudunga steroidi ndani ya baka lenyewe.

Minoksidili, dawa nyingine ya nywele, haiugusi ugomvi huo wa kinga na mashina. Huchochea tu ukuaji wa nywele, kwa hiyo naiona kuwa msaidizi.

Ajabu zaidi ni difensiproni, ndiyo dawa ya kuwasha. Daktari huizoesha ngozi kuikataa, kisha huipaka kila wiki kwa kipimo kidogo mno, akitafuta makusudi mwasho na ukurutu hafifu. Inadhaniwa kwamba mzio huo mpya huzivuta chembe nyeupe ziache kuyaandama mashina. Kwa ngozi nyeusi, yaweza kubaki madoa meusi au meupe.

Kwa kuwa mabaka mengi hupona yenyewe, kila tiba hujipatia sifa, hata maji ya kitunguu. Ndiyo sababu madaktari wengi huanza kupaka difensiproni nusu moja ya kichwa: nywele zikiota upande huo pekee, dawa imefanya kazi, zikiota pande zote mbili kwa pamoja, huenda mwili umejiponya.